Shokomzoba za Bamburi: Tarehe ya Chuma Kilichodhulumiwa

Miongoni mwa vyuma vyote vilivyo chini ya pikapu, hakuna kilichodhulumiwa Bamburi kwa muda mrefu kama shokomzoba. Kwani springi ikikatika gari husimama papo hapo, na mwenyewe hutoa fedha apende asipende, lakini shokomzoba ikifa gari huendelea kutembea, likidundadunda na kuyumba, likila tairi zake polepole, na mwenye gari akadhani kuwa hiyo ndiyo hulka ya barabara. Dhuluma hiyo ina tarehe yake, na tarehe hiyo imefungamana na saruji.

Hapo kale Bamburi ilikuwa nchi ya minazi, mashamba na wavuvi, na aliyetaka kuifikia kutoka kisiwani Mombasa alivuka maji kwa chombo, mpaka mwaka 1931 lilipowekwa Nyali daraja la kuelea, lililopanda na kushuka kwa kadiri ya maji kujaa na kupwa, na ambalo halikuvukwa bila ya kulipiwa. Mzigo wa siku hizo ulikuwa nazi, makuti, samaki na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, nao ulichukuliwa kwa kichwa, kwa punda au kwa mkokoteni. Na mkokoteni hauna springi wala shokomzoba, mshindo wote wa njia hupokewa na magoti na mabega ya hamali. Watu waliozoea chombo cha namna hiyo hawastahili lawama kwa kuona kuwa gari zima ni lile linalobeba, na kwamba mengineyo ni anasa.

Mwaka 1951 Felix Mandl aliasisi kampuni ya saruji ya Bamburi, na mwaka 1954 kiwanda kikaanza kazi, kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuchimba kisima upande ule: udongo ni haba, na chini yake umelala mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ndio malighafi yenyewe. Shimo lililobaki baada ya mwamba kuchimbwa, ambalo René Haller alianza kulipanda mivinje mwaka 1971 hata likawa bustani ya kutembelewa na wageni, limesimuliwa sana kwa miti yake na wanyama wake. Mimi naona si haki kusahau uzito uliotoka mle. Malori makubwa yaliichukua saruji kutoka langoni, lakini safari ya mwisho, kutoka dukani hadi penye msingi wa nyumba huko Kiembeni, Utange au Mshomoroni, ikawa ya pikapu.

Na pikapu ilikuja na sifa zake. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka huo wa mwisho Toyota ikatoa Hilux ya kwanza. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kuchukua abiria bila ya leseni, pikapu nyingi nchini zilipigwa mabenchi na turubai, zikabeba watu kama zilivyobeba magunia. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kikaanzishwa Miritini, upande wa Changamwe, magari yakawa yanaunganishwa karibu na nyumbani. Sasa mfuko wa saruji ni kilo 50, mifuko 20 ni tani moja, na tani moja aghalabu ndiyo kikomo cha pikapu ya namna hii. Lakini mwenye gari aliyelipwa kwa idadi ya mifuko hakuona maslahi yoyote ya kukoma kwenye ishirini. Akaenda kwa fundi, naye fundi akamwongezea springi, chuma kimoja, viwili, hata vitatu, vilivyokatwa kutoka kwa lori bovu. Gari likainuka nyuma, likabeba, mwenyewe akafurahi. Shokomzoba zikaachwa zile zile.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye shina la jambo. Springi haimezi nguvu ya mshindo. Huipokea kama amana, kisha huirudisha, na ikiachiwa itarudisha tena na tena mpaka ichoke. Kazi ya kuikomesha ni ya shokomzoba, ambayo ndani yake mna pistoni iliyozamishwa katika mafuta, na mafuta hayo hulazimishwa kupita katika matundu membamba, hivi kwamba mwendo hugeuka kuwa joto, na joto likatokea hewani kupitia ganda la chuma. Truffault, Mfaransa wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, alitumia visahani vilivyosuguana, na Mmarekani Edward Hartford akavitia sokoni. Mafuta yakashika nafasi ya msuguano huo, na baadaye Mfaransa mwingine, Christian Bourcier de Carbon, akatia gesi yenye kani ili kuyazuia mafuta yasitoe povu. Povu ndilo adui. Katika njia ya changarawe yenye makunyanzi pistoni haipumzi, mafuta hupata moto, yakitoa povu hupenya matunduni bila ya kizuizi chochote, na gari likabaki kutupwatupwa na springi zake. Sasa fikiria springi zilizoongezwa vyuma vitatu, zinazotulia kiasi chini ya mzigo, kisha mzigo ukishushwa Utange dereva akarudi mtupu, mbio, kuwahi safari ya pili. Ndipo nasema kuwa shokomzoba za Bamburi ziliuawa na safari ya kurudi kuliko ya kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Ujapani yakamiminika bandarini Kilindini, vipuri vilivyotumika vilikuja pamoja nayo, na shokomzoba kuukuu ikapata soko lake. Kwa injini au gia hilo ni jambo la busara. Kwa shokomzoba nalitilia shaka kubwa, kwa kuwa chombo hiki huisha ndani ilhali nje kinang'aa, na mteja hana mizani ya kukipimia dukani ila kukisukuma kwa mkono. Fundi mwenye ustadi humwelekeza mteja kununua mpya, mbili mbili kwa ekseli moja, na ikiwa springi ziliinuliwa hupima kwanza urefu kutoka tundu la juu hadi la chini, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, maana shokomzoba fupi hufika kikomo chake na kung'oa kishikizo.

Kazi ya kufunga yenyewe si ndefu, ila chumvi ya bahari huirefusha. Nati za juu huwa zimeshikwa na kutu, hulowekwa dizeli tangu jana yake, na zikikaidi hukatwa. Kabla ya kulegeza chochote ekseli hutegemezwa kwa jeki na magogo, kwa sababu katika pikapu nyingi shokomzoba ndiyo inayoizuia ekseli isining'inie kupita kiasi. Ile mpya ya mafuta husimamishwa wima, ikavutwa na kusukumwa mara kadhaa mpaka kule kusitasita kwa hewa kuishe mkononi. Na ole wake mwanafunzi atakayeishika fimbo yake inayong'aa kwa koleo, kwani mkwaruzo mmoja hukata sili, na mafuta huanza kuvuja kabla ya mwezi kwisha. Bolti za mabushi hukazwa nusu tu, gari likateremshwa likasimama kwa uzito wake, kisha zikakazwa kabisa. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira husokoteka ukiwa umeshikwa, ukapasuka upesi.

Tangu daraja jipya la Nyali lifunguliwe mwaka 1980 njia kuu ya Mtwapa imeboreka, na kazi ya kuipanua imeendelea hata katika zama hizi. Lakini njia za ndani, zinazoacha lami na kuingia vijijini, ndiko nyumba zinakojengwa, na ndiko mifuko inakokwenda, ndiyo maana fundi wa kando ya barabara, aletewapo pikapu iliyoinuka nyuma, hamuulizi mwenyewe mwaka wa gari wala aina yake kabla ya kumuuliza, "Wabeba nini, na warudi na nini?"