Soka lilivyopata nafasi Mwadui na kuikosa Marekani

Tarehe 14 Mei 1874, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal, Kanada, walikuwa Cambridge, Massachusetts, kucheza mpira na wenzao wa Harvard. Siku ya kwanza zilifuatwa kanuni za wenyeji, na Harvard wakashinda. Siku ya pili ikawa zamu ya kanuni za wageni, yaani raga: mpira wa umbo la yai, na ruksa ya kuubeba na kukimbia nao. Mchezo uliisha bila timu yoyote kupata alama, lakini Harvard waliupenda kuliko ule wa kwao. Tangu hapo wakaushikilia.

Miaka isiyozidi 60 baadaye, McGill hiyohiyo ilimpa shahada ya uzamivu ya jiolojia kijana wa Kikanada, John Williamson. Mwaka 1940 Williamson aligundua almasi Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Mgodi wake, uliotoa mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ukageuka mji mzima. Na mji huo ukazaa timu ya soka iliyokuja kucheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

Chuo kilichochangia kuwahamisha Wamarekani kutoka kwenye soka ndicho kilichomsomesha mtu ambaye mgodi wake ulilea soka Usukumani. Kama mchezo ungefuata asili ya mwenye mali, vijana wa Mwadui wangekuwa leo wanashindana kwa magongo ya barafuni au kwa mpira wa kubeba mikononi. Haikuwa hivyo, na sababu zake ndizo zinazoeleza kwa nini soka ni mchezo wa kwanza karibu kila pembe ya dunia, ilhali Marekani lilikaa pembeni kwa zaidi ya karne moja.

Marekani: uwanja ulikuwa na wenyewe

Si kweli kwamba Wamarekani hawakulijua soka. Kanuni zake ziliandikwa London mwaka 1863, na miaka 6 tu baadaye, Novemba 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilikutana katika mchezo wa kupiga mpira kwa mguu ambao haukuruhusu kuubeba. Rutgers walishinda 6-4. Mwanzo huo uliharibiwa na uamuzi wa wachache. Mwaka 1876, wajumbe wa Harvard, Yale, Princeton na Columbia walikutana Springfield, Massachusetts, wakachagua kanuni za raga. Vyuo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikisomesha watoto wa matajiri na viongozi wa kesho, kwa hiyo walichokichagua wao kilikuwa na heshima nchi nzima. Kutoka katika raga ile ukazaliwa mpira wa Kimarekani wa leo.

Mwaka huohuo wa 1876 ilianzishwa ligi ya kulipwa ya besiboli iliyopo hadi sasa. Besiboli ikachukua majira ya joto na mitaa ya wafanyakazi; mpira wa Kimarekani ukachukua majira ya vuli na fahari ya vyuo; baadaye mpira wa kikapu ukachukua majira ya baridi na kumbi za ndani. Soka lilipobisha hodi tena, mikononi mwa wahamiaji wa Kiskoti, Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, lilionekana mchezo wa wageni, katika nchi iliyokuwa ikiwataka wageni waache ya kwao upesi.

Hata hivyo lilichezwa, na kwa kiwango cha juu. Huko Pennsylvania, kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel ilikuwa na timu iliyosajili wachezaji kutoka Uskoti na kutwaa Kombe la Taifa mara 5. Mwaka 1930, kwenye Kombe la Dunia la kwanza nchini Uruguay, Marekani ilifika nusu fainali. Bert Patenaude, mzaliwa wa mji wa viwanda vya nguo wa Fall River, ndiye anayetambuliwa kuwa mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia.

Lakini soka hilo lilisimama juu ya nguzo moja, fedha za viwanda. Mwaka 1928 na 1929, ligi ya kulipwa na chama cha soka cha taifa viligombana juu ya nani mwenye mamlaka. Timu zikagawanyika na mapato yakapungua. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, viwanda vikafungwa, na mwaka 1930 timu ya Bethlehem Steel ikavunjwa. Nje ya mitaa michache ya wahamiaji, hapakuwa na watoto wa kutosha waliokuwa wakicheza mpira huo wenyewe, bila kampuni, hata wauvushe kwenye shida ile.

Kwetu: Wamarekani walikuja, besiboli haikuja

Upande wa Shinyanga mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Mpira wa miguu ulikuja kwa njia ambazo utawala wa Kiingereza ulijijengea: shule za serikali na za misheni, ofisi za boma, kambi za askari, stesheni za reli. Walioueneza hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa walimu, makarani, mafundi na wanafunzi waliorudi likizo vijijini. Katika vijiji hivyo hapakuwa na mchezo mwingine wa mpira uliokwisha kushika nafasi. Kilichotakiwa ni uwazi wa mbuga na kitu cha kupiga. Chandimu ya matambara yaliyofungwa kamba ilitosha.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni Wamarekani wenyewe, kwa sababu walikuwapo Shinyanga muda mrefu. Hospitali ya Kolandoto, nje kidogo ya mji, ilianzishwa mapema katika karne ya 20 na wamisionari wa African Inland Mission, misheni yenye mizizi Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaja mapadre wa Maryknoll, shirika la Kikatoliki la Marekani, na mmoja wao, Edward McGurkin, akawa askofu wa Shinyanga. Watu hawa walijifunza Kisukuma, wakajenga parokia, shule na zahanati, wakaishi na wenyeji kwa miongo. Lakini besiboli haikuota. Mapadre hao waliikuta Shinyanga inacheza soka kama soka lilivyoikuta Marekani inacheza besiboli. Aliyetangulia kulima ndiye aliyevuna, huku na kule.

Watu waliozoea kushindana mbele ya umati

Kuna sababu nyingine ya kwetu ambayo naiona kubwa kuliko inavyopewa nafasi katika historia ya michezo. Wasukuma walikuwa na mashindano ya hadhara kabla ya kuona mpira. Tangu karne ya 19 vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikikutana baada ya mavuno, kila upande na manju wake, wachezaji wake, mbinu zake na dawa zake. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Mtu huzaliwa katika nyumba ya Bagika au ya Bagalu na kuutetea upande wake kwa maneno, kwa nyimbo na kwa miguu.

Tazama sasa ushabiki wa Simba na Yanga katika mji kama Kahama au Katoro: pande mbili, utani mkali, tuhuma za ndumba, kijana kurithi timu ya baba au kuikataa kusudi. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 na Simba mwaka mmoja baadaye, mbali kabisa na Usukumani. Ila zilipofika huku kwa redio na kwa treni zilikuta watu waliokwisha kujua maana ya kuwa na upande. Soka halikulazimika kuwafundisha ushabiki.

Fedha za mgodi na nguvu za mtaa

Ukanda huu una bahati ya madini, na madini yameingia uwanjani. Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 chini ya kocha Jamhuri Kihwelo "Julio", ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2020/21. Stand United, "Chama la Wana", ilianzia kwa vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga mjini, ikapanda msimu wa 2014/15. Kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ikaidhamini. Haukupita muda mrefu, migogoro ya uongozi ikaingia na udhamini ukaisha. Januari 2019 Stand United waliifunga Yanga 1-0 katika Uwanja wa Kambarage, na msimu huohuo wakashuka daraja.

Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji iliyosaidiwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa GGML, ilipaa kwa kasi zaidi. Katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2021/22, ilimaliza nafasi ya nne, straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na timu ikaiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka miwili baadaye, mwisho wa msimu wa 2023/24, ilikuwa imeshuka.

Ukisoma majina hayo sambamba na Bethlehem Steel, utaona ugonjwa mmoja: fedha ya mzalishaji mmoja, mgogoro wa viongozi, kisha anguko. Tofauti ipo katika kilichobaki. Timu ya Bethlehem ilipovunjwa, soka la mji ule lilififia. Stand United na Mwadui zilipoanguka, soka la Shinyanga halikupungua hata siku moja. Ligi za mchangani ziliendelea. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, waliendelea kutoka maduarani jioni, wakaenda kucheza ndondo au kubanana kwenye kibanda umiza. Mgodi hufungwa, kama Buzwagi ulivyoacha uchimbaji mwaka 2021. Mchezo ulio mikononi mwa watu wenyewe hauna tarehe ya kufungwa.

Wasichana waliobadili hesabu

Marekani yenyewe imethibitisha kuwa kilichokosekana hakikuwa kipaji. Ligi ya NASL ilimleta Pelé mwaka 1975 kwa kishindo, lakini msimu wake wa mwisho ukawa wa 1984, kwa kuwa ilinunua nyota bila kujenga chini. Kombe la Dunia la 1994 liliingiza viwanjani watazamaji zaidi ya milioni 3.5, rekodi kwa wakati huo, na mwaka 1996 ikaanza ligi mpya ya MLS inayodumu hadi leo. Lakini ushindi wao mkubwa ulitoka kwingine. Mwaka 1972 sheria ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali, na vyuo vikalazimika kuwapa wasichana timu na viwanja. Katika soka la wanawake hapakuwa na mwenyeji wa kuwazuia. Marekani ikatwaa Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019.

Hilo ndilo fundisho lenye thamani kwetu. Soka la Marekani lilikua pale nafasi ilipofunguliwa kwa makusudi, shuleni, kwa watoto ambao hawakuwa nayo. Mkoani Geita, uwanja ambao Geita Gold ilichezea baadhi ya mechi zake za Ligi Kuu uko katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu. Ulijulikana nchini kwa sababu ya wanaume, lakini wanaouona kila asubuhi ni wasichana.

Kila shilingi ya mgodi inayokwenda kwenye mishahara ya timu moja ya Ligi Kuu inaweza kupotea na timu hiyo kwa misimu michache, kama tulivyokwisha kuona mara tatu ndani ya muongo mmoja. Shilingi inayokwenda kwenye viwanja vya shule, makocha wa watoto na ligi za wasichana wa Kishapu, Kahama, Msalala na Geita hubaki hata kampuni ikiondoka. Halmashauri zetu zinapopanga matumizi ya fedha za jamii kutoka migodini, zianzie huko. Soka lilifika Shinyanga kupitia shule na watu wa kawaida, likadumu kwa sababu hiyo, na wasichana wetu wanastahili kulipata kwa njia hiyohiyo.