Kebo ya Deraya: Jina Moja, Vitu Viwili

Mtu wa kisiwa cha Funzi akiagiza kebo ya kuleta umeme wa sola kutoka kibanda cha betri hadi nyumbani, mzigo hushuka Bodo, upande wa bara, kisha huvushwa kwa mashua. Ikija isiyo yake, nauli ya kuirudisha ni juu yake. Jina la kebo na liwekwe sawa kabla pesa hazijatoka.

Deraya ni vazi la chuma la askari. Katika habari tumezoea kusikia "gari la deraya". Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa dirii. Kebo iliyovishwa chuma ili jembe, panya na msumari visiifikie, jina hilo inalistahili. Tatizo ni kwamba Kiingereza huziita hivyo kebo mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni ya Wamarekani. Deraya yake ni utepe wa bati uliozungushwa mithili ya springi, na ndani mna nyaya. Kazi yake ni kupita ndani ya kuta zenye fremu ya bati, zilizofunikwa jipsamu. Makali ya tundu la bati huchuna waya wenye gamba la plastiki, kwa hiyo waya huo huvishiwa pete kwenye kila tundu. Kebo ya deraya haihitaji pete hiyo. Adui yake ni skrubu ya jipsamu: kebo ikilazwa sambamba na fremu, chini ya milimita 32 kutoka ukingo wake, kanuni za Marekani hutaka kibati cha kinga chenye unene wa milimita 1.6. Pale utepe ulipokatwa, fundi huingiza kikofia cha plastiki ili makali yasichane nyaya. Hii ni kebo ya mahali pakavu, haizikwi.

Ya pili ni ya Waingereza, na ndiyo iliyozoeleka Kenya. Deraya yake ni nyuzi za chuma zilizopakwa zinki, zimelala ubavu kwa ubavu kuzunguka nyaya, na juu yake gamba la plastiki nyeusi. Hii huzikwa. Ni ngumu kukunja: nusu kipenyo cha kona huwa angalau mara 6 hadi 8 ya kipenyo cha kebo. Mwishoni, kibano kiitwacho glendi huzibana nyuzi na kuziunganisha na waya wa ardhi, ili hitilafu ikitokea swichi ikate. Gamba likichubuka kisiwani, maji ya chumvi huingia, nyuzi zikashika kutu, na njia hiyo ya usalama ikadhoofika bila mtu kuona.

Basi tuseme "kebo ya deraya ya utepe" na "kebo ya deraya ya nyuzi". Na zile fremu za wima ukutani? Wauza mikoko hupanga miti kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Kinachosimama ndani ya ukuta wa udongo ni nguzo; cha bati nacho kiitwe nguzo ya bati.

Anayeagiza kwa simu aandike: kebo ya deraya ya nyuzi za chuma, nyaya 3 za shaba, milimita za mraba kadhaa kwa hesabu ya fundi, ya kuzikwa. Neno "deraya" likikaa peke yake, muuzaji ndiye atakayemchagulia.