Nzi mwindaji: Adui wa mbung'o asiyemsaza nyuki

KATIKA misitu ya miombo inayoizunguka Litapunga, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, nzi anayetajwa zaidi ni mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo. Mdudu huyo hufyonza damu na kueneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Hata hivyo, misitu ya aina hiyo ina nzi wa namna nyingine kabisa, ambao hawana haja na damu ya mtu wala ya ng'ombe. Wao huishi kwa kuwinda wadudu wenzao, na mbung'o ni miongoni mwa mawindo yao.

Kitaalamu, nzi hao wawindaji huwekwa katika familia ya Asilidae, yenye spishi zaidi ya 7,000 duniani. Wadogo wana urefu wa milimita chache tu, na wakubwa huzidi sentimita tano. Hupenda maeneo ya wazi yenye joto, na huwinda zaidi wakati jua ni kali.

Silaha zake

Nzi mwindaji hutambulika kwa kifua kinene, tumbo jembamba lililochongoka kuelekea nyuma na miguu mirefu yenye miiba. Macho yake ni makubwa, na katikati yake utosini kuna bonde. Usoni ana kishungi cha nywele ngumu mfano wa ndevu, ambacho humkinga dhidi ya mateke na miiba ya windo linalopambana kujiokoa.

Silaha yake kuu ni mdomo mgumu uliochongoka kama sindano. Baada ya kumkamata mdudu kwa miguu yote sita, humchoma mahali palipo laini, mara nyingi shingoni au mgongoni, na kumwingizia mate yenye sumu. Sumu hiyo humpoozesha mdudu kwa muda mfupi, na vimeng'enya vilivyomo katika mate huyeyusha nyama yake ya ndani. Mwindaji hurudi kwenye kijiti chake na kufyonza maji hayo, kisha huliacha ganda tupu lidondoke chini.

Kwa njia hiyo huweza kuwaua panzi, mbawakawa, vipepeo, nyigu, nyuki na hata kereng'ende, ambaye naye ni mwindaji hodari.

Anavyokokotoa njia

Nzi huyu hazunguki ovyo akitafuta chakula. Hutua kwenye ncha ya kijiti, jiwe au ardhi iliyo wazi, akatulia na kugeuza kichwa kufuata kila kinachopita. Akiona windo lifaalo, huruka, na mara nyingi humaliza kazi katika muda usiofika sekunde moja.

Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu nzi mwindaji wa Marekani mwenye urefu wa milimita sita hivi. Walivuta shanga ndogo kwenye uzi wa kuvulia samaki, nzi akadhani ni windo, nao wakamrekodi kwa kamera za kasi kubwa.

Walibaini kuwa nzi huyo hamfuati windo kwa nyuma. Huelekea mahali ambapo windo litakuwa, kama mchezaji wa mpira anayekimbilia pale pasi itakapoangukia. Anapobakiza umbali wa takriban sentimita 30, hupunguza kasi na kurekebisha njia yake ili alinyakue windo bila kugongana nalo. Hesabu hiyo yote hufanywa na ubongo mdogo kuliko punje ya mtama.

Rafiki asiyechagua

Mbung'o wa kike hazai kwa wingi kama nzi wa jalalani. Huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi hivi, hivyo kifo cha kila jike ni pengo katika kizazi kijacho. Pamoja na hayo, nzi wawindaji peke yao hawawezi kummaliza mbung'o, kwa sababu hula chochote wanachomudu.

Hapo ndipo penye utata kwa wafugaji wa nyuki, ambao ni wengi mkoani Katavi. Nzi anayemnasa mbung'o asubuhi aweza kumnasa nyuki mchana. Wapo hata wa jenasi ya Hyperechia, ambao hufanana mno na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mabuu yao hukulia ndani ya mbao hizo hizo na kula mabuu ya nyuki hao.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa nyuki na nzi mwindaji kwa pamoja ni sumu inayopulizwa bila kuchagua. Katikati ya karne ya 20, dawa kali kama DDT na dieldrin zilipulizwa katika nchi mbalimbali za Afrika ili kumwangamiza mbung'o. Dawa hizo hazimtengi adui na rafiki.

Zipo njia zinazomlenga mbung'o zaidi. Mojawapo ni mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi zinazomvuta. Nyingine ni ile iliyotumika Unguja, ambako madume ya mbung'o yaliyozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yaliachiwa kutoka angani. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa kisiwani humo mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa huru dhidi yake.

Nzi mwindaji hamsumbui binadamu, isipokuwa akishikwa mkononi, kwani huweza kuchoma na kuumiza. Aonekanapo ametulia kwenye kijiti pembeni mwa njia, hakuna sababu ya kumwua. Huenda anayemsubiri ni ndorobo.