Kipande na Sabuni

Usiku wa kuamkia siku ya kumwona bro, nyumba yetu hapa Bahati huwa kama ya watu wanaosafiri mbali. Mathe anapanga vitu kitandani: sabuni ya kipande, tishu, dawa ya meno, slipaz. Jaketi langu la rangi ya jeshi nimeambiwa nilisahau kabisa. Simu zitabaki kwa mama wa kibanda nje ya geti. Chapati hazibebwi. Mara ya kwanza alibeba sita, zikarudishwa, tukazila kwenye mat bila kuongea.

Shosho, ambaye haendi kwa sababu ya magoti, huuliza swali moja tu: "Una kipande?"

Anamaanisha kitambulisho, na ni kweli, bila hicho hufiki popote. Lakini wengi wetu tunadhani kipande ni sheng tu ya ID, kumbe neno lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kuuma baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume aliyetoka kwao kutafuta kazi alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na maneno ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma. Wengi walikining'iniza shingoni. Babu zetu walisema wamevishwa kengele kama mbuzi.

Shosho alikuwa na miaka saba siku ya Jumamosi, 24 Aprili 1954. Alfajiri hiyo jeshi na polisi, karibu watu 25,000 chini ya Jenerali George Erskine, waliizingira Nairobi yote. Waliiita Operesheni Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hugongea vyuma vingine. Mitaa yetu ya Eastlands ndiyo iliyogongwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakaketishwa chini, karatasi zikakaguliwa. Kulikuwa na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa mbele yako, umeenda.

Baba yake shosho alienda. Alipandishwa lori na shati la kulalia.

Zaidi ya wanaume 20,000 walizuiliwa katika msako huo. Walichujwa kambini Lang'ata, kisha wengi wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani, huko kwenye joto la Tsavo, kando ya reli ya Mombasa. Hakukuwa na kesi, kwa hivyo hakukuwa na siku ya kuhesabu. Manyani ilijaa kupita kiasi, na mwaka huohuo homa ya matumbo ikaingia. J. M. Kariuki, aliyepitia huko, aliandika kitabu chake Mau Mau Detainee kikatoka 1963. Kisomeni. Mimi nilikisoma nikitafuta jina la kambi tu, nikakesha.

Sasa hapa ndipo shosho hunichanganya kila akisimulia. Mama yake alianza kumpangia mume wake mzigo siku hiyohiyo. Koti, sabuni, tumbaku kidogo. Hakujua alipo. Hakukuwa na ofisi ya kuuliza, na mwanamke Mkikuyu aliyezunguka mjini akiuliza habari za mtu aliyeshikwa alikuwa anajitafutia lori lake mwenyewe. Aliweka mzigo nyuma ya mlango akingoja kuambiwa mahali. Kabla ya kuambiwa, wakaja kumchukua yeye na watoto. Maelfu ya familia zilifukuzwa Nairobi zikarudishwa hifadhini, na yao ikatupwa Murang'a. Mzigo ulibaki nyuma ya mlango.

Baba aliwapata huko Murang'a baadaye, amekonda. Hakuuliza koti, na hawakumwambia. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, wakarudi mjini.

Ndiyo maana mathe akilalamika kuhusu foleni, shosho humkata. Foleni ni ya watu wanaojua mtu wao yuko wapi. Tangu 2014 kuna sheria ya watu walionyimwa uhuru, na imeandikwa humo kwamba aliyefungwa ana haki ya kutembelewa. Hata hivyo Machi 2020, Covid ilipoingia, ziara zilisimamishwa nchi nzima. Wiki hizo shosho hakulala vizuri. Bro alikuwa bado nje wakati huo, wala hatukuwa na mtu yeyote ndani. Yeye alizima redio tu, akasema, "Wamefunga tena."

Saa tatu usiku. Mathe amefunga mzigo, ameuweka nyuma ya mlango. Shosho ameinuka polepole, akautoa hapo, akauweka juu ya meza.