Ukoo Usio na Watoto: Familia ya McMillan na Urithi wa Nairobi

Historia za familia za walowezi wa Kenya huandikwa kwa mtindo uliozoeleka. Huanza na babu aliyevuka bahari, hupita kwenye ndoa, mashamba na vita, kisha humalizia kwa wajukuu waliobaki au waliohama. Mtindo huo unachukulia kwamba kinachounganisha kizazi na kizazi ni damu. Familia ya Sir William Northrup McMillan, tajiri wa Juja na Kilimambogo na kapteni wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inautia mtindo huo mashakani. McMillan alifariki mwaka 1925 bila kuacha mtoto. Kwa kipimo cha damu, historia yake ingeishia hapo, na bado jina lake limechongwa juu ya mojawapo ya majengo mashuhuri katikati ya Nairobi, likilindwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya jengo hilo peke yake. Hoja ya makala hii ni kwamba ukoo wa mlowezi katika Nairobi ulijengwa kwa hatimiliki, kwa sheria na kwa jasho la watu wengine kabla ya kujengwa kwa uzazi. Anayetaka kuuandika hana budi kuwaingiza watu hao ndani ya historia ya familia yenyewe.

Tuanze na fedha. McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872. Baba yake, William McMillan, alitoka Kanada, akatajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli Missouri. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizounganishwa mwaka 1899 kuunda American Car and Foundry. Mwaka huohuo reli ya Uganda ilifika kwenye uwanda wenye majimaji ambao ungekuwa Nairobi. Matukio hayo mawili hayakusababishana, lakini yanaonyesha mfumo mmoja: mtaji wa reli wa bara moja ulikuwa ukitafuta pa kutua, na reli ya bara jingine ilikuwa ikifungua ardhi. Mwaka 1903 McMillan alijaribu kushuka kwa mashua Mto Nili wa Buluu kutoka Ethiopia, mashua zikavunjika. Haukupita muda mrefu kabla hajahamia Afrika Mashariki ya Kiingereza na kupata shamba la Juja, lililokadiriwa kuwa na ekari 20,000. Theodore Roosevelt alilala hapo mwaka 1909 na kulisifu.

Juja haikununuliwa sokoni kama behewa linavyonunuliwa. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 iliipa serikali mamlaka ya kumgawia mlowezi ardhi ambayo wenyeji waliilishia mifugo, waliilima au waliipumzisha. Ile ya 1915 ilirefusha ukodishaji wa mashamba kutoka miaka 99 hadi 999. Muda huo unastahili kutafakariwa. Hakuna familia inayopangia vitukuu wa karne ya 30. Mkataba wa miaka 999 humpa mwenye hati ukoo wa kisheria unaoendelea hata pale ukoo wa damu unapokatika, na kwa mtu asiye na mtoto faida hiyo ni kubwa kuliko kwa mwenye watoto kumi. Iliwabidi Wakenya wangoje Katiba ya 2010 ndipo ukodishaji wa wasio raia ushushwe usizidi miaka 99.

Mjini hali ilikuwa hivyohivyo, ila kwa vipimo vidogo. McMillan alikuwa na nyumba ya Chiromo, ng'ambo ya Mto Nairobi, iliyojengwa kwanza na Ewart Grogan, mlowezi mwingine mwenye mashamba. Leo hapo ni bewa la sayansi la Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye njia inayopanda kuelekea Westlands. Kuwepo kwa nyumba kama hiyo upande huo hakukuwa bahati. Ripoti ya Profesa Simpson ya 1913 ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi, ikitumia hofu ya tauni kama sababu, na miinuko ya magharibi na kaskazini ikazidi kuwa makazi ya Wazungu. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliachana rasmi na ubaguzi wa makazi mijini, lakini masharti ya rangi yaliyoandikwa ndani ya hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ileile kimyakimya. Ndiyo maana nasema historia ya familia hizi isomwe katika masijala ya ardhi kabla ya kusomwa katika albamu za picha. Ukoo mzima wa vitongoji vya magharibi, pamoja na tofauti ya ukubwa wa viwanja kati ya Kileleshwa na Eastleigh, umeandikwa mle.

Vita ndivyo vinavyodhihirisha hoja hii kwa uchungu zaidi. Mwaka 1915 kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, maarufu kama Frontiersmen, kilishuka Mombasa, na McMillan akawa kapteni ndani yake. Mwaka 1918 alipewa cheo cha Sir. Sina haja ya kupunguza ujasiri wa mtu ambaye, kwa unene wake uliokuwa gumzo, angeweza kubaki nyumbani bila lawama. Lakini jeshi hilo lilikwenda kwa miguu na vichwa vya wapagazi. Makadirio yanayotumiwa sana na wanahistoria yanawaweka wapagazi waliokufa kutoka Kenya pekee juu ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Baada ya vita, mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi askari wastaafu uliwahusu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika aliyebeba mzigo hadi Rufiji hakuhesabika kuwa mstaafu, na mwenzake aliyerudi alikuta kipande, yaani hati ya lazima ya kumdhibiti mfanyakazi Mwafrika, kikimngoja. Mishahara ya wapagazi waliofariki au kutoweka haikuwafikia warithi wengi, na London ilikataa hata pendekezo kwamba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii zao. Hapa kuna familia mbili zilizopoteza mume katika kizazi kimoja. Moja iliweza kurithi na kuadhimisha. Nyingine ilinyimwa hata stahiki yake, na jina la wapagazi likabaki kwa mtaa wa Kariokor na kwa sanamu ya 1928 isiyotaja mtu, kwenye barabara inayoitwa sasa Kenyatta Avenue.

Kutoka kwenye sanamu hiyo hadi Maktaba ya McMillan ni mwendo wa dakika chache. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Familia ilikuwa na mazoea hayo: kule St. Louis, mama yake McMillan, Eliza, alikuwa amekigharimia Chuo Kikuu cha Washington jengo la makazi ya wanafunzi wa kike lenye jina hilohilo. Wanawake wa ukoo huu waliendeleza jina kwa mawe, na mchango wao unastahili kutambuliwa kuliko unavyotambuliwa. Sheria mahususi ya maktaba ya 1938 ikafanya kile ambacho mtoto angefanya: ikaweka wadhamini, ikalinda mali, ikahifadhi jina.

Watakuwapo wa kupinga kwamba ninaihukumu zawadi. Maktaba, watasema, imesomesha vizazi vya Wanairobi, na mtoaji hawajibiki kwa dhambi za dola. Kuna ukweli katika pingamizi hili, na singependa kuona kitabu hata kimoja kikitolewa mle kwa sababu ya jina lililo mlangoni. Hata hivyo, maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu hadi 1958. Kwa zaidi ya robo karne, umma uliozawadiwa haukuwahusu wengi wa wakazi wa mji. Kilichoigeuza kuwa mali ya Wanairobi ni madai ya watu waliofungiwa nje, na halmashauri ya jiji iliyokabidhiwa maktaba hiyo baadaye. Kwa hiyo shukrani zina wapokeaji zaidi ya mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la wanahistoria: kwamba tunampima mtu wa 1910 kwa maadili ya leo. Lakini maadili hayo hayakuzaliwa leo. Wamaasai walikwenda mahakamani kuhusu ardhi yao mwaka 1913. Harry Thuku alipinga kipande na kodi hadi akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi, karibu na mahali Chuo Kikuu cha Nairobi kilipo sasa, McMillan akiwa bado hai. Waliouona mfumo huo kuwa dhuluma waliishi ndani yake na walisema hivyo kwa lugha iliyoeleweka. Kuwaacha nje ya historia ya familia hii, kwa kisingizio cha kuheshimu zama zao, ni kuchagua upande mmoja wa zama hizo.

Kazi inayofuata ni ya kitaalamu na inawezekana kufanywa. Hati za Juja, Kilimambogo na Chiromo zisomwe sambamba na orodha za wapagazi na kumbukumbu za kazi mashambani. Wadhamini na kaunti nao waruhusu matokeo yaonyeshwe ndani ya maktaba yenyewe, kando ya picha za Sir Northrup na Lady Lucie.