Mazoezi ya Mpando: Istilahi Inayomfaa Mkimbiaji wa Pwani

Mazoezi ya mpando ni yale ambayo mkimbiaji hupanda mbio mahali palipoinuka, hushuka polepole kuvuta pumzi, kisha hupanda tena. Makocha wengi huyaita mazoezi ya milima. Mimi nachagua mpando, na sababu yangu iko Lamu.

Neno mlima humpeleka msomaji Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, au kwenye barabara ya Fluorspar, inayopanda kutoka Bonde la Kerio kwa takribani kilomita 21. Kijana wa visiwa vya Lamu, awe wa Amu, Pate au Faza, husoma hayo akadhani hayamhusu. Neno mwinuko nalo lina utata, kwani ndilo tunalotajia kimo cha mahali. Faida ya kuishi juu, penye oksijeni haba, ni damu kuongeza chembe nyekundu. Hilo ni somo jingine. Mpando hutaja tendo lenyewe: misuli ya makalio, mapaja na vigimbi inauinua mwili kila hatua, na moyo unafanya kazi kubwa ingawa kasi ni ndogo. Tendo hilo halidai mlima. Ladai mahali pa kupandia.

Na Lamu pa kupandia papo. Nyuma ya kijiji cha Shela, kama kilomita 3 kutoka mjini, yamepangana matuta ya mchanga kuufuata ufuo. Mtazame anayepanda tuta: goti linakwenda juu, mikono inasukuma, unyayo unadidimia na kurudi nyuma kidogo kabla haujapata pa kukaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima kwamba kukimbia mchangani hula nishati kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, na hapo mchanga ni tambarare. Mwaustralia Herb Elliott, aliyepandishwa matuta ya Portsea na kocha wake Percy Cerutty, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 kwa rekodi ya dunia ya 3:35.6.

Anayeanza apashe mwili moto kwanza kwenye mchanga mgumu wakati maji yamekupwa. Kisha apande kwa nusu dakika hivi, hatua fupi, kifua wazi, macho mbele. Ashuke kwa kutembea. Mara nne au tano zatosha, siku moja kwa wiki, aongeze taratibu. Mchanga laini huvuta sana kano ya kisigino, na kushuka kwa kasi huumiza mapaja, kwa hiyo haraka haifai.

Jambo moja zaidi lisisahaulike. Matuta ya Shela hunasa maji ya mvua yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Tupite njia zilizokwisha kukanyagwa, tusikanyage mimea inayoushika mchanga.

Basi walimu wa michezo wa visiwani walitie neno hili kwenye ratiba zao: "Jumanne, mpando mara tano, Shela." Mwanafunzi akilisoma atajua la kufanya na mahali pa kulifanyia, bila kungoja nauli ya kwenda Iten.