Kupe aliyekuwa shujaa

Leo namleta Ben Edlund, Mmarekani aliyebuni The Tick, yaani Kupe. Kwetu enzi za Ujamaa kupe lilikuwa tusi la mnyonyaji. Yeye kamfanya shujaa: jitu la bluu, misuli kibao, akili kiduchu. Msaidizi wake, Arthur, ni mhasibu aliyevaa mavazi ya nondo!

Alimchora 1986 kwa ajili ya kijarida cha duka la katuni, New England Comics. 1988 duka lenyewe likachapa kitabu, jamaa bado anasomea filamu chuo cha sanaa Massachusetts. Hebu fikiria, huku kazi za lekchara, huku Kupe.

Mwaka 1994 Fox wakamfanya katuni ya TV, na hapo ndipo panaponiuma. Vitabu alivyoandika mwenyewe viliishia namba 12, mwaka 1993. Waliosubiri ya 13 kutoka kwake walisubiri sana. TV ilishamchukua, baadaye akaandikia Firefly na Supernatural. Kupe alirudi na waigizaji 2001, kisha Amazon 2016 hadi 2019, zote zikakatwa mapema.

Mimi bado nataka ile namba 13.